Kanuni Iliyotubadilishia Watoto

Vesterlund,
Jumapili, 6 Machi

Mpendwa Dada Arlys,

Barua hii ikukute mzima, na lile goti lako liwe limekubali kupanda ngazi bila manung'uniko. Sisi huku hatujambo. Corinne ana mafua wiki ya tatu sasa lakini hajakosa kazini hata siku moja, Britta yuko vizuri na anakula chakula cha watu wawili, na mimi naamka, nakamua, nalala, ndiyo habari yangu. Theluji bado imefikia madirisha ya banda upande wa kaskazini. Kadi yako ya Krismasi tuliipata, na zile soksi pia, ila soksi Corinne amejichukulia.

Najua utashangaa kupata karatasi nyingi hivi kutoka kwangu, mtu ambaye kwenye simu hukueleza hali ya hewa kisha humpa mkewe simu. Ila kuna mambo yametokea hapa tangu kiangazi, yote yamepitia mikononi mwangu, na mengine siwezi kuyasema kwenye simu. Jimiminie kahawa ukae.

Unakumbuka nilikwambia kwamba Britta anamaliza sekondari Mei hii, na kwamba nilikuwa nimeshakata tamaa. Ng'ombe ni sitini na wawili, miaka yangu ni hamsini na tisa, mgongo umechoka, na mtoto ni huyo mmoja. Kila tulipoingia bandani pamoja tulikuwa tumegombana kabla ya kumaliza ng'ombe wa tatu. Aliwahi kuniuliza mbona kila akishika kitu nakohoa. Nikamwambia sikohoi. Akasema, “Umekohoa sasa hivi, baba.” Basi nilijua akishapata cheti chake ataondoka, nami nitauza mifugo na kufunga mlango. Hilo ndilo lililoninyima raha mwaka mzima. Lishike hilo moyoni wakati nakusimulia haya mengine, maana mengine ni ya kuchekesha.

Yalianza hivi. Gavana wetu alitangaza kwamba shule za sekondari za jimbo hili zimepitwa na wakati, na kwamba mageuzi atayaongoza yeye mwenyewe. Akaunda baraza la watu thelathini: maprofesa, wakurugenzi wa makampuni, walimu wakuu wa mijini, na kwa kuwa jimbo hili lina ng'ombe wengi kuliko watu, ikabidi atafutwe na mkulima mmoja. Barua ikaja kwenye bodi ya shule yetu ikitaka jina. Watu wa hapa unawajua. Tulikuwa saba mezani na kila mmoja akawa anachungulia kikombe chake. Mwenyekiti akasema asiwepo mtu wa kujisikia analazimishwa. Ukimya ukarefuka mpaka nikaona aibu kwa niaba ya chumba kizima, nikasafisha koo tu, na mwenyekiti akanishukuru sana kwa kujitolea.

Nikaenda mji mkuu, mwendo wa saa nne, nimevaa suti yangu moja niliyo nayo, ile ya mazishi. Ndani ya lifti mama mmoja akanipa pole. Tulifungiwa siku mbili kwenye ukumbi usio na dirisha, na kazi kubwa ilikuwa kuandika maneno kwenye vikaratasi vya njano na kuvibandika ukutani, halafu kuvibandua na kuvibandika ukuta wa pili. Asubuhi ya kwanza tuliulizwa mhitimu wa sekondari tunayemtaka ni mtu wa namna gani. Wenzangu waliandika mbunifu, anayejiamini, raia wa ulimwengu. Mimi niliandika “anafunga geti.” Mtaalamu aliyetuongoza, Daktari Whitcomb, mama mrefu mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, alikisoma kikaratasi changu mara mbili, akasema kina maana nzito. Mchana walitupa majani mabichi yaliyoviringishwa kwenye chapati baridi. Nilikula, maana tumelelewa kula tunachopewa.

Siku ya pili alasiri walifika kwenye habari ya vijana kujifunza kazi nje ya darasa. Walikuwa wamekubaliana kwamba kila mwanafunzi wa madarasa mawili ya juu afanye kazi saa mia moja na ishirini chini ya msimamizi, ndipo apewe cheti. Daktari Whitcomb akanigeukia akasema mkulima wetu hajafungua mdomo tangu asubuhi. Nikasimama nikasema lililokuwa kichwani. Nikasema mtoto hafundishwi kazi na baba yake. Baba anaona makosa tu na mtoto anasikia kelele tu. Nikasema mimi nimeshindwa miaka mitatu kumfundisha binti yangu kurudisha tela kinyumenyume, na kama kweli wanataka watoto wajifunze, basi wawapeleke kwa watu wengine. Nikakaa. Wakanipigia makofi, Arlys, ukumbi mzima. Daktari akaandika kwenye daftari lake, nami nikarudi nyumbani nikamwambia Corinne kwamba watu wa mji mkuu si wabaya kama tunavyowasema.

Agosti kikaja kijitabu shuleni chenye nembo ya jimbo. Kanuni ishirini. Ya kumi na nne ilisema kwamba msimamizi wa kazi asiwe mzazi wa mwanafunzi, na kwamba saa zilizofanywa chini ya mzazi hazitahesabiwa hata moja. Mwalimu Mkuu Kessel aliisoma kwa sauti kwenye mkahawa asubuhi ya Jumamosi, na vijiko vyote vikatulia.

Fikiria mwenyewe. Wanafunzi wa madarasa mawili ya juu hapa ni ishirini na sita. Ushirika wa nafaka ulichukua wawili. Mkahawa ulichukua mmoja. Posta yetu ina mtu mmoja naye hufanya nusu siku. Nyumba ya wazee ilichukua watano, na kazi yao ikawa kuwahoji wazee juu ya maisha yao, mpaka kufika Oktoba kila mzee alikuwa amehojiwa mara sita. Bibi Gunderson, aliyefundisha shule ya Jumapili miaka hamsini, alichoka kurudia yale yale, akaanza kuwaambia kwamba ujana wake alikuwa mcheza sarakasi. Mwanawe alizipata habari hizo kanisani.

Waliobaki walikuwa kumi na wanane, wote watoto wa mashamba, wanaokamua tangu wana miaka saba, na kwa mujibu wa jimbo hawajawahi kufanya kazi. Pale mkahawani watu walichemka. Lyle wa ushirika, ambaye sauti yake unaikumbuka, alisema huyo bwege wa mji mkuu aliyeandika kitu hiki hajawahi kumgusa ng'ombe maishani, na kama akimwona ng'ombe atamwomba kitambulisho. Wote wakanitazama mimi, mjumbe wao, nieleze ni nani. Ningeweza kusema. Badala yake nikanywa kahawa, nikasema mtu kama huyo angefaa kufungiwa bandani Januari nzima mpaka ajue upande upi wa ng'ombe unakula. Walicheka sana. Lyle akanilipia kitumbua.

Aliyepata njia ni Kessel. Tulikuwa tumetoka kumzika mzee Ansgar Moe, tuko chini ya kanisa tunakula mikate yenye nyama ya nguruwe, na unajua mambo yote ya maana ya mji huu huamuliwa baada ya mazishi, kwa sababu ndipo watu wote wapo na hakuna wa kukimbilia nyumbani. Kessel akatoa kadibodi yenye ramani ya barabara zetu. Akasema kanuni inakataza mtoto kumfanyia kazi mzazi wake, haikatazi kumfanyia kazi mzazi wa mwenziwe. Tubadilishane. Watu wakatafuna kwanza. Kisha Lyle akasema inaweza ikafaa, na kwa Lyle hiyo ni sherehe. Ila kwenye kuchagua nani aende kwa nani ndipo tulipokwama, maana hakuna aliyetaka kuonekana anachagua. Ilikuwa kama ile keki ya mwisho kwenye sinia: kila mtu anakata nusu yake na kuacha nusu. Kessel akachoka, akachukua rula, akasema kila familia itabadilishana na jirani aliye karibu zaidi, basi.

Jirani yangu wa karibu zaidi ni Delmar Pospisil.

Habari za yule fahali wangu ulizisikia zilipotokea, kwa hiyo nitasema kwa ufupi. Alivunja ua, akakaa Jumapili nzima na mitamba ya Delmar, ile ya kahawia ya Kiswisi ambayo anaitunza utadhani mayai, na baadaye walizaliwa ndama tisa wenye madoa. Miaka kumi na mmoja sasa. Tukipishana barabarani, mimi nainua kidole juu ya usukani kama mtu mwenye adabu, naye anatazama mbele. Mkewe alipokuwa hai alikuwa akimpungia Corinne mkono kwa siri.

Kessel alipotaja majina yetu, Delmar alikuwa amesimama karibu na birika la kahawa. Akasema mtoto ni mtoto, kosa si lake. Akavaa kofia akaondoka. Mimi nikasema sina tatizo, kwa sauti ambayo Corinne anasema ilisikika kama ya mtu anayemeza mfupa.

Ungekuja kutuona Novemba. Saa kumi na moja alfajiri barabara yetu, ambayo zamani ilipitiwa na sungura, ikawa na msafara. Mtoto wa Lyle akienda kwa akina Brekke kukamua, wa Brekke akienda kwa Lyle kukamua, wanapishana njiani wakiinuliana vidole, kila mmoja akienda kufanya ileile kazi aliyoiacha kwao. Akina mama walipika staftahi za watoto wasio wao na kugundua kwamba wanakula kila kitu. Mama Brekke alikuja kumuuliza Corinne, akiwa na huzuni kabisa, kwa nini mwanawe anakula kabichi nyumbani kwa watu.

Mimi nililetewa Garrett, mtoto wa Delmar. Baba yake huwaambia watu kwamba kijana ni mzembe, mguu mzito, hana analolijua. Siku ya kwanza alikula mayai manne akaniuliza kama pampu ya mashine ya kukamulia huwa inalia hivyo. Nikamwambia imelia hivyo miaka miwili. Akaifungua, akatoa kipande cha mpira, akakigeuza, akakirudishia, pampu ikanyamaza. Sikuwa na la kumkosoa, na nilishangaa kuona kwamba sikulitafuta. Alikuwa akiniuliza jambo, namjibu, anafanya. Akikosea namwambia, anacheka, anarudia. Bandani kwangu kulikuwa na mazungumzo, Dada. Ndiye aliyeniambia kwamba akimaliza shule anakwenda kusomea uuguzi, na kwamba baba yake bado hajui namna ya kulisema neno hilo mbele za watu.

Ndiye pia aliyeniambia kwamba Britta anaimba kule kwao. Nikamuuliza anaimba nini. Akasema anaimba tu, anapokamua. Nikamwambia amefananisha, Britta haimbi. Akanitazama kwa huruma, akaenda kulisha.

Shule ilikuwa na fomu, na msimamizi alitakiwa kuandika kila wiki maendeleo ya mtoto katika mawasiliano, ubunifu na utatuzi wa matatizo. Kessel alinionyesha ya Delmar, kinyume cha taratibu nadhani. Kwenye mawasiliano aliandika “hapigi kelele.” Kwenye ubunifu, “alifunga mlango kwa waya.” Kwenye utatuzi wa matatizo, “hayapo.” Nilisoma fomu hiyo nimesimama kwenye ukumbi wa shule, nikahisi wivu unanipanda mpaka masikioni. Wivu wa fomu.

Siku moja ya Desemba, mchana, nilichukua ndoo ambayo si ya Delmar nikaenda kumrudishia. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yangu. Nilipofika nyuma ya banda nikasimama. Britta alikuwa juu ya trekta, na nyuma yake lile tela la samadi, refu, na mlango wa banda la Delmar unaufahamu, ukiingiza tela unabakiwa na upana wa kiganja kila upande. Delmar alikuwa amesimama mikono mfukoni anatazama upande mwingine kabisa, kwenye miti. Britta akageuza shingo, akarudi nyuma polepole, akalipitisha mara moja, bila kugusa. Akazima injini. Delmar akageuka, akatazama tela, akatikisa kichwa mara moja kukubali, wakaingia ndani. Mimi nikarudi nyumbani na ndoo yangu. Roho iliniuma, sitakuficha. Miaka mitatu nimemfokea juu ya jambo lile, na dawa yake ilikuwa kutazama miti.

Februari watu wa jimbo wakaja kusikiliza maoni. Daktari Whitcomb mwenyewe na wenzake watatu, mwendo wa saa nne ndani ya theluji, na mkutano ukawekwa kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu. Watu walikuwa wamejiandaa. Lyle alikuwa na malalamiko kumi na saba kwenye karatasi na alikuwa ametusomea yote mkahawani, mara mbili, na mengine yalikuwa na maneno ambayo mchungaji asingeyapenda. Mji ulitaka kanuni ya kumi na nne ifutwe. Mimi nilitaka mkutano uishe kabla mtu hajauliza nani aliianzisha.

Wakapewa chakula kwanza, bakuli kumi na moja za tambi za kuoka na keki za kila rangi. Halafu kipaza sauti kikawekwa katikati. Lyle akasimama wa kwanza. Akawatazama wale wageni wanne, na mashavu yao yaliyopigwa na baridi, na viatu vyao vya mjini vilivyolowa, akaikunja karatasi yake. Akasema kanuni siyo mbaya kivile. Akauliza kama barabara ilikuwa salama. Wa pili akasema mambo yangeweza kuwa mabaya zaidi. Wa tatu alisifia kwamba wamekuja. Daktari Whitcomb alikuwa akiandika kwa furaha, na Kessel alikuwa ameshika kichwa.

Ndipo akaitwa mwanafunzi wa kuzungumza, na mwanafunzi alikuwa Britta. Sikujua. Corinne alijua.

Alisema hapo Novemba alikuwa ameshajaza fomu za vyuo vinne, vyote vya mbali, na alichagua kwa kutazama ramani. Alisema tangu ana miaka kumi na miwili aliamini kwamba anachukia ng'ombe, na asubuhi ya tatu kwa Bwana Pospisil akagundua kwamba hakuwa anachukia ng'ombe. Watu wakacheka. Halafu wakanikumbuka, wakaangalia viatu vyao. Alisema Bwana Pospisil katika miezi mitatu amemwambia labda maneno thelathini, na yote alikuwa anayahitaji. Kisha akasema kwamba Garrett anakwenda chuo cha uuguzi, na hapo Delmar, kule nyuma mlangoni, akasema “ndiyo” kwa sauti ya kusikika, na Britta akaendelea kwamba wamekubaliana na Bwana Pospisil kuanzia Juni yeye ataendesha banda lake, ng'ombe wote thelathini na wanane. Vyuo amevijibu kuwa haendi. Alisema, “Mimi naomba kanuni hii msiifute. Na huyo aliyeiandika, sijui ni nani, lakini namshukuru.”

Daktari Whitcomb alivua miwani. Alikuwa anatabasamu, masikini, hakujua anachokifanya. Akasema mbona aliyeitoa yupo, akaninyooshea mkono mimi, kiti cha tatu kutoka ukutani.

Ukumbi ule una viti mia mbili na vyote viligeuka. Lyle ndiye aliyeanza. Akasema taratibu, kama mtu anayepanga kuni, “Orrin, si wewe uliyesema bwege huyo afungiwe bandani Januari nzima?” Nikamjibu kwamba nilikuwemo, Januari nzima. Nadhani hilo ndilo lililoniokoa, maana mtu mmoja alicheka, akafuata mwingine, wakacheka mpaka wale wageni wakacheka bila kujua kwa nini. Kanuni imebaki. Mkahawani sasa wananiita Mheshimiwa, na hakuna anayemfungia mtoto wake kamba za viatu mbele yangu bila kuniomba ruhusa. Delmar bado hainui kidole barabarani. Ila wiki iliyopita alinirudishia ndoo, na ilikuwa yake.

Sasa nafika kwenye lile lililonikalisha mezani.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani baada ya mkutano, Corinne alikuwa kwenye gari la dada yake, kwa hiyo tulikuwa mimi na Britta. Nilimwambia nimefurahi, na nilikuwa nimefurahi kweli, ingawa si kwa ng'ombe wangu. Akaniuliza wazo lile nililitoa wapi. Nikamwambia nililitoa kwake yeye na lile tela. Akaridhika.

Nilimdanganya. Niliposimama pale mji mkuu na kusema baba anaona makosa tu, sikuwa namwona Britta. Nilikuwa nakuona wewe. Nilikuona una miaka kumi na tisa, baridi ile ndama alipokuja kinyume, miguu ya nyuma kwanza, na mzee wetu yuko kwenye kinu cha nafaka. Ulimvuta peke yako, saa mbili nzima, mimi nimekushikia taa nalia. Ukamwokoa ndama na ukamwokoa mama yake. Mzee akarudi, akatazama, akasema umeacha bomba la maji wazi litaganda. Hakusema kingine. Wiki ile ile ukafunga sanduku.

Kwenye kituo cha basi, mbele ya duka la dawa, uliniambia maneno ambayo sijayasahau hata moja. Ulisema utakuwa mjini kwa rafiki yako mpaka Pasaka. Ulisema, “Mwambie baba akiniita nitarudi. Sitaki aniombe msamaha. Aniite tu.” Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nilielewa kila kitu.

Sikumwambia. Na si kwamba nilisahau, Arlys. Ilipita wiki, zikapita tatu. Jumatano moja ya Machi mzee alikuja nikiwa nakamua, akashika mkono wa mlango, akaniuliza bila kunitazama kama ulipoondoka ulisema neno lolote. Nikasema hapana. Akasimama pale, sijui muda gani, halafu akaenda kulisha ndama. Hakuniuliza tena mpaka alipokufa.

Nililitaka shamba. Sina sababu nyingine nzuri kuliko hiyo. Ukirudi lingekuwa lako, maana ulikuwa bora kuliko mimi na mzee alilijua hilo, kulisema ndiko alikoshindwa. Pasaka ikapita, ukaenda Oregon, na umekaa kwenye meza ya mapokezi ya daktari wa meno miaka yote hii ukiamini kwamba baba yetu hakukuulizia. Alikuulizia. Mimi ndiye niliyemjibu.

Corinne nimemwambia juzi. Alilia, kisha akasema nikuandikie leo kabla ya chakula, na chakula kimeshapoa. Britta sijamwambia, hilo nakuachia wewe, umwambie au usimwambie, vyovyote utakavyoona.

Mahafali ni tarehe 29 Mei, saa nane mchana. Chumba cha kusini tumekipaka rangi. Corinne anamsalimu sana wifi yake na anasema uje hata kama hutaki kuniona, atakupokea yeye kituoni. Britta anakusalimu pia. Delmar amemwambia kwamba zamani barabara hii kulikuwa na msichana aliyeweza kuvuta ndama aliyekuja kinyume, na Britta amepanga kukupigia simu akuombe umfundishe. Ukiona huwezi kunijibu mimi, usinijibu, nitaelewa. Ila mtoto akipiga, tafadhali pokea.

Ni mimi mdogo wako,
Orrin